Mgeni Njoo, na Chanzo Mkononi

Kata ya Mkuza, iliyomo katika Mji wa Kibaha, Mkoa wa Pwani, inao ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo kubwa inayosomwa bure kwenye intaneti na kuandikwa na watu wanaojitolea. Jambo hilo si fahari ya Mkuza peke yake. Kata nyingi mno za Tanzania Bara zina kurasa za namna hiyo, nazo zilianzishwa kwa mtindo mmoja: jina la kata, jina la wilaya na mkoa, namba ya posta, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Chini yake huwekwa tangazo dogo la kumwarifu msomaji kwamba makala hiyo bado ni mbegu, na kumwomba aikuze ikiwa analo analolijua.

Neno mbegu limechaguliwa vizuri. Mkulima yeyote anajua kwamba mbegu haioti kwa kutangazwa. Yataka mtu wa kuimwagilia na kuipalilia. Leo tunapenda kumzungumzia huyo mpaliliaji, yaani mwananchi wa kawaida, awe mwalimu, mwanafunzi, karani wa kata au mvuvi wa Mafia, ambaye kwa mara ya kwanza anaingia katika nyumba hiyo akitaka kuongeza neno juu ya mahali alipozaliwa. Tungependa pia maofisa wa Serikali wayasome maneno haya kwa makini. Kwani, kama tutakavyoonyesha, mara nyingi mgeni huyo hukwama mlangoni kwa sababu ufunguo umefungiwa kabatini mwa ofisi zao.

Kwanza yafaa nyumba yenyewe ijulikane. Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari, 2001, na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu kamusi elezo nyingine, Nupedia, iliyowategemea mabingwa na iliyopitisha kila makala katika hatua nyingi za ukaguzi. Ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Katika mwaka wake wa kwanza ilitoa makala 20 na kidogo tu. Ndipo ilipoonekana heri mlango ufunguliwe kwa kila mtu, na ukaguzi ufanywe na wote hadharani. Wasomaji wetu wa visiwani watapenda kujua kwamba jina lenyewe lina asili ya wenzao wa mbali: wikiwiki ni neno la wenyeji wa visiwa vya Hawaii, na maana yake ni upesi upesi. Sisi tumelelewa na methali kwamba haraka haraka haina baraka. Na kwa hakika taratibu zote tutakazozieleza hapa zilizaliwa baada ya wenye nyumba kutambua kwamba methali hiyo ina ukweli.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Sasa ina makala zaidi ya 80,000, hali ya Kiingereza ina zaidi ya milioni 6. Wanaoihudumia siku hadi siku ni wachache sana ukiwalinganisha na mamilioni wanaosema lugha hii, na kazi yao haina mshahara. Baadhi yao wamepewa na wenzao dhamana ya kufuta kurasa mbovu na kulinda zilizo njema. Hao huitwa wakabidhi. Yafaa mgeni alishike neno hilo vilevile lilivyo. Mkabidhi hamiliki nyumba. Amekabidhiwa funguo tu, na wenzake wanaweza kumwuliza amezitumiaje.

Mtu aliyepita chuoni akiambiwa kwamba nyumba hii imesimama juu ya nguzo tano, huenda akatabasamu. Si nguzo za dini, lakini nazo huhifadhika kwa moyo bila taabu. Ya kwanza, hii ni kamusi elezo. Si gazeti, si ubao wa matangazo, wala si jukwaa la hotuba. Ya pili, haina upande. Ya tatu, maandishi yake ni huru, kila mtu anaweza kuyatumia na kuyarekebisha. Ya nne, waandishi watendeane kwa heshima. Ya tano, kanuni zake si msahafu. Zinaweza kujadiliwa na kubadilishwa kadiri kazi inavyohitaji.

Nguzo ya pili ndiyo inayotutoa jasho sisi tuliolelewa katika kazi za siasa. Kada hufundishwa kushawishi, kusifu lililo jema na kulilaani lililo baya, ili watu wainuke watende. Kamusi elezo haikusudii kumwinua mtu kitini. Chukua mfano wa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyopo Kwa Mfipa, hapo hapo Kibaha. Katika mkutano wa hadhara ingefaa kuiita tanuri la kupikia viongozi shupavu wa Afrika. Katika kamusi elezo inatosha kusema kwamba ilifunguliwa mwezi Februari, 2022. Kwamba ni ya vyama sita vilivyoongoza mapambano ya ukombozi, yaani CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Na kwamba ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Ikiwa wapo waliochapisha sifa zake, watajwe kuwa ndio waliosifu. Ikiwa wapo waliochapisha lawama, nao watajwe kwa haki ile ile. Hukumu abaki nayo msomaji. Wapo watakaoona kwamba huko ni kumnyang'anya mwandishi ulimi. Sisi tunaona kwamba jambo la kweli halidhoofiki kwa kuvuliwa mapambo, na kwamba msomaji asiyekubaliana nasi huyaamini zaidi maelezo ambayo hayakumlazimisha.

Kutokana na nguzo hiyo linatoka katazo ambalo wageni wengi hulikuta kwa mshangao: mtu asijiandikie makala juu yake mwenyewe, wala juu ya bwana wake, duka lake, au chama chake cha ushirika. Ofisa habari anayepachika wasifu wa mkuu wake uliojaa sifa tele, akaukuta umefutwa asubuhi, hana sababu ya kudhani kwamba Serikali imetukanwa. Angetendewa vivyo hivyo msanii, mfanyabiashara, au kiongozi wa chama kingine chochote. Njia iliyo wazi kwake ni kuingia katika ukurasa wa majadiliano, ajitambulishe kazi yake bila kuficha, aonyeshe kosa lililopo pamoja na ushahidi wake, kisha awaachie wasiohusika warekebishe. Tena, ili mtu au shirika lipate makala, sharti liwe limekwisha kuandikwa na wengine wasiofungamana nalo. Wema peke yake hautoshi. Wapo wema wengi sana duniani ambao hakuna aliyeandika habari zao, na hilo ndilo linalotuleta kwenye kiini cha mazungumzo yetu.

Kiini hicho ni chanzo. Tuseme kijana wa Mkuza amemsikiliza babu yake akieleza asili ya jina la kata yao, nani walitangulia kufyeka pori, na wapi palikuwa na kisima cha kwanza. Kijana anafungua simu yake, anabonyeza mahali palipoandikwa hariri, anayaandika yote kwa Kiswahili safi. Baada ya siku mbili anakuta maneno yake yameondolewa, na pembeni pameandikwa kwa ufupi kwamba hayana chanzo. Kijana anawaka hasira. Je, babu yangu ni mwongo? Je, hao wakabidhi wanaijua Mkuza kumshinda aliyezaliwa Mkuza? Wengi huishia hapo, wakafunga simu wasirudi tena.

Tungependa kumwambia kijana huyo kwamba kanuni hii si ngeni katika pwani yetu. Babu zetu waliokaa jamvini mbele ya walimu wao waliijua kwa jina la isnadi. Hadithi haikupokelewa kwa uzuri wa maneno yake. Imamu Bukhari, aliyeishi tangu mwaka 810 hadi 870, alipozunguka miji kukusanya Hadithi za Mtume hakuuliza tu ni nini kilichosemwa. Aliuliza nani kakipokea, na huyo kakipokea kwa nani, na kama watu hao wawili walipata kukutana. Mnyororo ukikatika mahali, habari ilishushwa daraja hata kama ilipendeza. Hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo Imamu aliwadharau wazee. Alimhifadhia haki yake msikilizaji atakayekuja baadaye, ambaye hatakuwapo kumwona msemaji usoni. Ndivyo ilivyo kwa msomaji wa Tumbatu au Jibondo anayesoma habari za Mkuza. Yeye hamjui babu, hamjui mjukuu; anachohitaji ni njia ya kuufuata mnyororo mpaka mwanzo wake.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mzigo huu ni mwepesi sawasawa kwa wote. Kanuni ya chanzo kilichochapishwa ilitungwa katika nchi ambazo kila kijiji kina kitabu chake na kila mji una maktaba. Kwetu sehemu kubwa ya historia imo vinywani. Tazama Kisiwa cha Mafia. Magofu ya Kua, katika kisiwa kidogo cha Juani, yana masimulizi yanayojulikana na wenyeji juu ya mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini katika karne ya 19. Mwaka 1896 Mwaustria Oscar Baumann alichapisha kitabu kidogo juu ya Mafia kwa Kijerumani. Kwa hiyo leo mwanafunzi wa Kilindoni anaruhusiwa kumtaja kama chanzo mgeni aliyepita kisiwani kwa muda mfupi, lakini haruhusiwi kumtaja bibi yake aliyezaliwa na kuzeeka hapo. Mwenye haki hawezi kuona jambo hilo akasema ni sawa kabisa.

Nasi si wa kwanza kulinung'unikia. Mwaka 2011 Mhindi Achal Prabhala na wenzake walitengeneza filamu iliyoonyesha, kwa mifano ya India na Afrika Kusini, jinsi maarifa ya watu yanavyoachwa nje kwa kukosa kitabu, nao wakapendekeza kwamba mahojiano yaliyorekodiwa yakubaliwe kuwa chanzo. Pendekezo hilo lilizusha mjadala mkubwa. Waliolipinga walikuwa na hoja: ikiwa kila mtu ataruhusiwa kuleta sauti ya babu yake, nani atatenganisha masimulizi yaliyopokewa na mbari nzima na uzushi wa mtu mmoja anayetaka shamba la jirani? Wanaoijua migogoro ya ardhi katika Kibaha na Kisarawe hawatalicheka swali hilo. Basi, wakati wakubwa wa nyumba wanaendelea kujadiliana, sisi tusikae tukingoja. Yaliyomo vinywani tuyachapishe. Mara yakichapishwa kwa uangalifu, yenye jina la msimulizi, mahali na tarehe, na kupitiwa na wanaojua, yatakuwa yamekwisha kupata isnadi yake.

Liko kosa jingine la wageni ambalo ni kinyume cha hilo. Badala ya kuleta kisicho na kitabu, huleta kitabu kizima. Hunakili habari ya gazeti au ya tovuti ya halmashauri neno kwa neno wakadhani kwamba kwa kuwa chanzo kipo, kazi imekwisha. Maandishi ya mwenzio ni mali yake. Kamusi elezo iliyo huru haiwezi kujengwa kwa matofali ya wizi, maana inamwahidi kila msomaji kwamba anaweza kuyachukua maneno yake bila kushitakiwa. Soma, elewa, kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe na umtaje uliyemsoma.

Pia wapo wanaotafsiri kwa mashine. Katika miaka ya 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yalipatikana, na baadhi yake yalikuwa mazuri. Lakini mengine yalionekana dhahiri kuwa yamepitishwa katika mashine ya tafsiri yakatupwa vivyo hivyo, na baada ya zawadi kutolewa wengi wa washindani hawakuonekana tena. Wale wachache wa siku zote wakabaki na kazi ya kusafisha. Jambo kama hilo, tena kubwa zaidi, lilifichuka mwaka 2020 katika Wikipedia ya lugha ya Kiskoti, pale ilipobainika kwamba kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo alikuwa ameandika maelfu na maelfu ya makala zake kwa kubuni. Kwa miaka mingi ulimwengu ulisoma takataka ukidhani ndicho Kiskoti, kwa sababu wenye lugha hawakuwapo ukumbini.

Hapo ndipo palipo na hatari kwetu. Zamani kurasa hizi zilisomwa na watu tu. Siku hizi hata mashine za akili mnemba hujifunza lugha na habari za dunia kutokana na maandishi kama haya. Ukurasa wa Mkuza ukibaki na namba ya posta peke yake, mashine itakapoulizwa habari za Mkuza haitakuwa na la kusema, au itabuni. Na Kiswahili kibovu kikiachwa kukaa, kitarudishwa kwa watoto wetu kama Kiswahili sanifu. Lugha ambayo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliifanyia kazi ya usanifishaji tangu mwaka 1930, na ambayo BAKITA imeisimamia tangu 1967, haistahili kuachiwa mashine iijenge yenyewe.

Sasa, mgeni ambaye neno lake limeondolewa na afanye nini? Atazame historia ya ukurasa. Kila badiliko limehifadhiwa humo, pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Hakuna kilichopotea. Kisha aende penye majadiliano, aulize kwa upole, atie sahihi yake, angoje jibu. Asirudishe neno lile lile kwa ubishi mara tatu na nne, maana ukaidi huo humfungia mlango hata mwenye haki. Na adhani wema kwanza: aliyemfutia huenda amepitia kurasa 30 usiku ule, baada ya kazi zake za riziki. Aanze na mambo madogo: asahihishe tahajia, aongeze tarehe yenye chanzo, aweke picha aliyoipiga mwenyewe. Mila za nyumba hujifunzwa kwa kukaa barazani kabla ya kuingia ukumbini.

Wenyeji nao wana wajibu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini anayempa mgeni jembe humwonyesha na mpaka wa shamba. Kumfutia kijana kazi yake kwa neno moja la mkato ni rahisi. Kumweleza kwa sentensi tatu kwa nini imefutwa na afanyeje ili irudi ni kazi zaidi, na ndiyo inayoleta mwandishi wa kesho. Jumuia yenye watu wachache haiwezi kumudu kuwapoteza wageni kwa ukali wa lugha.

Tumalizie kwa maofisa wa Serikali, kama tulivyoahidi. Hatuwaombi mwandike makala za kuzisifu idara zenu. Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri ichapishe historia fupi ya kata zake, na kila sheha huko Unguja na Pemba asaidiwe kufanya hivyo kwa shehia yake, kwa kuwahoji wazee wangali hai na kuwataja kwa idhini yao. Kijitabu cha kurasa 40 kinatosha, mradi nakala zipelekwe maktaba na mtandaoni. Pili, taarifa ambazo ni za umma, yaani mipaka ya kata, miaka ya kuanzishwa kwa shule na zahanati, na takwimu za sensa, ziwekwe mahali pa wazi zisikoondolewa kila tovuti inapobadilishwa, maana chanzo kinachotoweka huacha makala yatima. Tatu, picha za zamani zinazooza makabatini zitolewe kwa ruhusa ya matumizi huru, ili zihifadhiwe katika ghala la picha la Wikimedia ambalo lugha zote hulitumia.

Wapo watakaosema hizo ni anasa, watu wanataka maji na barabara. Tunawakumbusha kwamba mwaka 1971, nchi ikiwa maskini kuliko leo, wilaya sita zilichaguliwa kutangulia katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na Mafia ilikuwa mojawapo. Hakuna aliyesema wavuvi wa Mafia wasubiri kwanza barabara. Watu wazima walishika kalamu kwa mikono iliyozoea nyavu na majembe, kwa sababu ilieleweka kwamba asiyesoma husomewa na wengine. Leo wajukuu wao wanajua kusoma, na simu zimo mifukoni mwao. Asiyeandika naye huandikwa na wengine, kwa lugha yao na kwa kadiri ya walichobahatika kukisikia.

Wazee wa Mkuza hawataishi milele. Kila anayezikwa kabla hajahojiwa anaondoka na sura nzima ya kitabu ambacho hakikuandikwa. Basi kijana na aende na daftari kwa babu yake kabla ya mvua zijazo, mtendaji wa kata amfungulie kabati la nyaraka, na halmashauri itoe gharama za kuchapa. Hayo yakiisha kutendeka, mbegu ya Mkuza itapata wa kuipalilia, na mkabidhi atakapouliza chanzo kiko wapi, kijana atakuwa na la kumwonyesha.